Nani ametosha mpira? Kanuni ya mpaka na mpira wa kurusha katika basketi

Ukisimama kando ya uwanja wakati wa mashindano ya vitivo, utaona kwamba watu hawagombani sana juu ya faulo. Filimbi ya faulo ikilia, mchezaji hunung'unika, huinua mkono, kisha mchezo huendelea. Ugomvi mrefu huanza mpira unapovuka mstari. Hapo wachezaji wote kumi huwa mashahidi, na watazamaji nao huwa mahakimu. "Touche ya kwetu!" "Hapana, yeye ndiye ametosha!" "Lakini alikanyaga mstari!" "Mupira ulikuwa tu juu ya mstari!" Mwamuzi ana sekunde chache za kuamua, na uamuzi wake hauwezi kugawanywa: mpira ni wa upande huu au ni wa upande ule.

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili na Kifaransa, na huu ni mwaka wa tatu ninachezesha mechi za wanafunzi. Nimekuja kuamini kwamba sehemu kubwa ya ugomvi huu ni ugomvi wa lugha. Kanuni tunazisoma kwa Kifaransa, tunazieleza kwa mchanganyiko wa lugha mbili tatu, na watu wanabishana kwa Kiswahili. Mara nyingi wachezaji wawili wameona jambo lilelile, lakini neno moja limebeba maana mbili na kila mmoja ameshika yake. Mechi ikivunjika kwa sababu hiyo, wanaoumia si wachezaji peke yao. Mashindano ya mwaka mzima hupotea, na vitivo viwili hubaki na kinyongo hadi mwaka unaofuata.

Katika makala hii nitaeleza kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, juu ya mpira kutoka nje na juu ya kuurudisha ndani. Kanuni hizo ziko hasa katika kifungu cha 23 na kifungu cha 17. Nitakapokutana na neno linaloleta taabu, nitasimama nalilipime, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi tunayosomea hapa.

Mstari ni wa nje

Uwanja wa basketi una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, na vipimo hivyo vinachukuliwa kutoka ukingo wa ndani wa mistari ya mpaka. Mstari wenyewe una unene wa sentimita 5. Kwa kuwa kipimo kinaanzia ukingo wa ndani, mstari haumo katika uwanja. Mstari ni nje.

Jambo hili linawachanganya wengi kwa sababu michezo mingine tunayoijua inasema kinyume. Katika kandanda, mpira hautoki mpaka uwe umevuka mstari mzima. Katika voliboli, mpira ukigusa mstari umehesabiwa kuwa ndani. Mtu aliyekulia kwenye kandanda, na wengi wetu tumekulia huko, akiona kisigino kimegusa rangi nyeupe atasema "bado yuko ndani". Katika basketi hayuko ndani tena. Kidole kimoja cha mguu kikigusa rangi, mchezaji huyo amekwisha kutoka.

Kuna faida ya upande wa pili ambayo wachezaji husahau. Kwa kuwa mstari ni nje, mrushaji anayekanyaga mstari bado yuko mahali pake halali. Nimesikia mara nyingi upande wa pili ukipiga kelele: "Amekanyaga!" Ndiyo, amekanyaga, na hana kosa. Kosa la mrushaji ni kuingia uwanjani akiwa bado ameshika mpira mikononi, yaani kukanyaga sakafu iliyo ng'ambo ya mstari kwa upande wa ndani.

Taabu ya "juu ya"

Kanuni inasema mchezaji yuko nje sehemu yoyote ya mwili wake inapogusa sakafu, au kitu chochote kisicho mchezaji, kilicho kwenye mstari, hewani juu ya mstari, au nje ya mstari. Matini ya Kifaransa ina maneno mawili tofauti hapa: sur na au-dessus de. Kiswahili chetu kinatumia "juu ya" kwa yote mawili. Kitabu kiko juu ya meza, na taa iko juu ya meza. Ni mazingira tu yanayotuambia kwamba kitabu kimeigusa meza na taa haikuigusa.

Uwanjani mazingira hayatoshi. Mchezaji akisema "mupira ulikuwa juu ya mstari", anaweza kuwa na maana kwamba uliugusa, na hapo umetoka. Anaweza pia kuwa na maana kwamba ulipita hewani juu ya mstari, na hapo haujatoka hata kidogo. Hewa haina mpaka. Mpira unaweza kupita nje ya uwanja kwa mita moja, ukiwa hewani, na mchezaji akauvuta ndani, mchezo unaendelea. Mpira umetoka pale tu unapogusa kitu kilicho nje: sakafu, ukuta, mtu aliye nje, nguzo zinazoshika ubao, upande wa nyuma wa ubao, au kitu chochote kilicho juu ya uwanja kama dari au waya wa taa.

Pendekezo langu ni rahisi. Tuseme "kwenye mstari" pale panapokuwa na mguso, na "hewani" pale pasipo na mguso. Neno "juu ya" tuliache kwa vitabu na taa.

Mchezaji naye anapokuwa hewani, yuko wapi? Kanuni inajibu kwamba yuko pale alipogusa sakafu mara ya mwisho. Aliyeruka kutoka ndani ni wa ndani mpaka atue. Kwa hiyo anaweza kuruka, akaudaka mpira ulio nje hewani, akautupa ndani kwa mwenzake, kisha akaangukia kwenye benchi la wapinzani, hakuna kosa. Lakini aliyeruka kutoka nje ni wa nje mpaka aguse sakafu ya ndani, na akiugusa mpira kabla ya kutua, mpira umetoka kwa mkono wake.

Mwamuzi anapimwa kwa kanuni hiyohiyo. Mpira ukimgonga mwamuzi, ni sawa na kugonga sakafu pale aliposimama. Akiwa ndani, mchezo unaendelea. Akiwa amesimama nje ya mstari, mpira umetoka.

Lile neno "kisicho mchezaji" lina uzito wake. Ukimgusa mchezaji mwenzako ambaye amesimama nje, hujatoka kwa sababu hiyo. Ukimgusa mwandishi wa meza, kocha au kiti, umetoka.

Kutoa, kutoka, kutosha

Tukishajua kwamba mpira umetoka, swali linalobaki ndilo lenye ugomvi: nani ameutoa? Hapa lugha ya mtaani kwetu ina zawadi ambayo Kiswahili cha vitabu hakina. Lubumbashi na miji mingine ya mashariki na kusini, watu husema "ametosha mupira". Mgeni kutoka Dar es Salaam atashangaa, maana kwake "kutosha" ni kuwa na kiasi cha kutosheleza. Lakini tazama jinsi neno lilivyoundwa: waka na washa, anguka na angusha, shuka na shusha, toka na tosha. Ni kauli ya kusababisha iliyo safi kabisa. Kutosha ni kusababisha kitu kitoke.

Na kanuni inasema hivyohivyo. Haiulizi nani ameutupa mpira nje, wala nani alitaka utoke. Inauliza nani amesababisha utoke, na inajibu kwamba ni mchezaji wa mwisho kugusa mpira au kuguswa na mpira kabla haujatoka. Kitenzi "kutoa" kinanukia nia, kama vile mtu ameushika na kuupeleka nje. "Kutosha" hakihitaji nia. Upepo unaweza kuangusha mti bila kutaka, na mgongo wa mchezaji unaweza kutosha mpira bila mwenyewe kujua.

Sehemu ya pili ya jibu, "au kuguswa", ndiyo inayokataliwa zaidi. Mchezaji anasema: "Ndugu arbitre, mimi sikuugusa, ni mupira ndio ulinigusa!" Kwa sarufi yuko sawa, ametofautisha mtenda na mtendwa. Kwa kanuni hana haki, kwa sababu kanuni imewaweka mtenda na mtendwa katika kapu moja. Aligusa au aliguswa, yeye ndiye wa mwisho. Ndiyo maana mrushaji mwerevu, akimwona mpinzani aliyempa mgongo, anaweza kuupiga mpira kwa upole kwenye mgongo ule. Mpira ukirudi nje, mpinzani ameutosha. Ukidondoka ndani, mrushaji anaruhusiwa kuingia na kuuchukua, maana umekwisha kugusa mchezaji mwingine.

Kutoka hapo yanafuata mengine. Mpira ukimgusa mchezaji ambaye mguu wake uko kwenye mstari, yeye ndiye ameutosha, hata kama mpinzani ndiye aliyeurusha kuelekea kwake. Mlinzi anayesimama na kisigino kwenye rangi anampa mshambuliaji zawadi: mpira ukimgusa tu, unarudi kwa mshambuliaji.

Mfano mzuri kwetu ni Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966 na kufariki mwaka 2024. Wanafunzi wa lugha wanastahili kujua kwamba chuoni Georgetown, Marekani, alihitimu katika isimu na diplomasia kabla ya kuingia NBA mwaka 1991. Huko alizuia mitupo 3,289, na kwa hesabu hiyo ni wa pili katika historia ya ligi ile, nyuma ya Hakeem Olajuwon. Kanuni za NBA zinatofautiana na za FIBA katika mambo kadhaa, lakini katika hili zinakubaliana: mlinzi akiuzuia mtupo kwa kishindo na mpira ukaruka mpaka kwa watazamaji, yeye ndiye wa mwisho kuugusa. Uwanja mzima utashangilia, lakini mpira ni wa wapinzani. Kinachoweza kuwaumiza ni saa: sekunde 24 za kushambulia hazianzi upya, zinaendelea pale zilipofika. Kama zilibaki 3, watarusha wakiwa na 3. Mlinzi anayeuzuia mpira ukabaki ndani na mwenzake akauchukua amefanya kazi isiyo na kishindo sana, lakini yenye faida zaidi.

Pale ambapo hakuna ajuaye

Kuna nyakati ambapo mikono miwili iligusa mpira pamoja na waamuzi hawajui wa nani ulikuwa wa mwisho, au mwamuzi mmoja anaonyesha huku na mwingine anaonyesha kule. Kanuni haiwalazimishi kubuni. Inasema hii ni hali ya mpira wa kugombaniwa, na huamuliwa kwa zamu. Mezani kuna mshale unaoonyesha timu ambayo zamu yake imefika. Timu hiyo inapata mpira wa kurusha, na mrusho ukimalizika mshale unageuzwa upande wa pili. Timu ambayo haikupata mpira baada ya ule mruko wa kwanza wa mechi ndiyo inayopata zamu ya kwanza. Vilevile, wachezaji wawili wakiwa wameshika mpira kwa nguvu na wakavutana mpaka nje, hakuna aliyeutosha. Mshale ndio unaoamua.

Katika mechi zetu, watu wengi wanauona mshale kama udhaifu: "Arbitre hajui, anauliza meza!" Mimi nauona kama uaminifu. Mwamuzi anayekiri shaka na kufuata zamu amewatendea haki timu zote mbili kuliko yule anayeonyesha kidole kwa ujasiri bila kuwa ameona kitu. Katika mashindano makubwa yenye video, dakika 2 za mwisho za robo ya nne na muda wa nyongeza, waamuzi wanaruhusiwa kutazama picha ili wamjue aliyetosha mpira. Sisi hatuna video. Tuna mshale, na kadi iliyochorwa mshale kwa kalamu inatosha, kwa maana ya Dar es Salaam.

Mpira wa kurusha

Kifaransa cha kanuni kinasema remise en jeu, yaani kuurudisha mpira mchezoni. Uwanjani tunasema touche, neno tulilolichukua kwenye kandanda, na hapo ndipo matatizo yanapoanza, kwa sababu neno limekuja na kanuni za kwao. Katika kandanda mrushaji hutumia mikono miwili na mpira hupita nyuma na juu ya kichwa. Katika basketi hakuna sharti hilo. Mrushaji anaweza kutumia mkono mmoja, kurusha kutoka kifuani, kudundisha chini au kurusha mbali. Mimi hutumia "mpira wa kurusha", ambalo linaeleweka na watu wote, lakini mwanzoni mwa mechi huwakumbusha manahodha kwamba huu si ule wa kandanda.

Mahali pa kurushia ni pale palipo karibu zaidi na pale kosa lilipotokea au mchezo uliposimamishwa, isipokuwa nyuma ya ubao moja kwa moja. Hapo mrushaji husogezwa pembeni kidogo. Mwamuzi humpa mpira mkononi, au humrushia au kumdundishia, mradi asiwe mbali naye zaidi ya mita 4 na mrushaji awe amesimama mahali alipoonyeshwa. Robo ya pili, ya tatu na ya nne huanza kwa mpira wa kurusha kwenye mstari wa kati, upande unaoelekea meza, mrushaji akiwa ameweka mguu mmoja kila upande wa mstari huo.

Tangu mpira uwe tayari kwake, mrushaji amefungwa na mambo sita. Asikae na mpira zaidi ya sekunde 5. Asiingie uwanjani akiwa na mpira mikononi. Asirushe mpira ukaenda kugusa nje moja kwa moja. Asiuguse ndani kabla haujagusa mchezaji mwingine. Asiutupe ukaingia kikapuni moja kwa moja. Na asisogee kando kupita jumla ya mita 1 kutoka mahali alipoonyeshwa kabla ya kuuachia.

Katika hilo la mwisho kuna maneno mawili ya kuzingatia. La kwanza ni "kando". Mita moja inahusu kwenda kulia na kushoto. Kurudi nyuma, mbali na mstari, mrushaji anaweza kurudi kadiri nafasi inavyomruhusu. La pili ni "jumla". Akienda nusu mita kulia kisha nusu mita kushoto, amemaliza posho yake.

Kuna pia kosa ambalo halionekani kama kosa: kumkabidhi mwenzako aliye ndani mpira mkono kwa mkono. Kanuni inataka mpira uachane na mikono ya mrushaji. Kurusha si kukabidhi.

Mambo yanabadilika baada ya kikapu kufungwa. Hapo timu iliyofungwa hurusha kutoka mahali popote nyuma ya mstari wa mwisho. Mrushaji anaweza kukimbia kutoka kona hadi kona, na anaweza hata kumpasia mwenzake ambaye naye yuko nyuma ya mstari uleule. Sekunde 5 lakini hazianzi upya. Zinahesabiwa tangu mpira ulipokuwa tayari kwa yule wa kwanza. Mashabiki huona mtu mmoja anakimbia na mpira nyuma ya mstari na mwingine, dakika mbili baadaye, anapigiwa filimbi kwa kusogea hatua mbili kando. Wanasema mwamuzi ana upendeleo. Mwamuzi amefuata kanuni mbili tofauti kwa hali mbili tofauti.

Adhabu ya kosa la mrushaji ni moja: wapinzani wanapata mpira wa kurusha, mahali palepale aliporushia yeye. Hili nalo husahauliwa. Mtu akirusha mpira ukapita uwanja wote bila kuguswa na mchezaji yeyote, ukatoka upande wa pili, wapinzani hukimbilia kule ulikotokea. Hapana, warudi pale ulikoanzia. Mrusho ulikuwa na kasoro tangu asili yake, na kanuni inaurudisha kwenye asili hiyo.

Mlinzi na ukuta

Wachezaji wengine nao wana sharti lao. Hakuna anayeruhusiwa kuwa na sehemu yoyote ya mwili ng'ambo ya mstari kabla mpira haujarushwa kuuvuka. Hapa hewa ina mpaka, kinyume na tulivyosema kuhusu mpira. Mkono wa mlinzi uliopita hewani juu ya mstari ni kosa, hata kama haukugusa kitu. Na mikono ya mrushaji ikivuka kuelekea ndani wakati anajiandaa kurusha, mlinzi bado hana ruhusa ya kuunyang'anya mpira ulio mikononi mwake.

Viwanja vyetu vingi viko kati ya kuta, mifereji na miti. Kanuni imefikiria hilo. Mahali ambapo nafasi kati ya mstari na kizuizi haifiki mita 2, hakuna mchezaji anayeruhusiwa kumkaribia mrushaji kwa chini ya mita 1. Mlinzi asimbane mtu aliyekwisha kubanwa na ukuta. Kwa viwanja vya kwetu, naona hiki ndicho kipengele kinachopaswa kufundishwa kwanza kabisa.

Dakika 2 za mwisho za robo ya nne na muda wa nyongeza zina ukali wake. Mwamuzi anamwonyesha mlinzi ishara ya onyo kabla ya kutoa mpira, akipunga mkono sambamba na mstari. Mlinzi akivuka baada ya hapo, ni faulo ya kiufundi. Tangu toleo la 2022 kuna pia faulo ya wakati wa kurusha: katika dakika hizo, mlinzi akimchezea faulo mpinzani aliye ndani huku mpira ukiwa bado kwa mwamuzi au kwa mrushaji, aliyechezewa anapata mtupo huru 1, na timu yake inarudishiwa mpira wa kurusha. Wanaopoteza walikuwa wakitumia faulo za namna hiyo ili saa isisonge. Sasa zina gharama.

Saa yenyewe ikisimama haiwashwi mrushaji anapoachia mpira. Inawashwa mpira unapomgusa mchezaji aliye ndani. Na ikiwa imebaki sekunde 0.3 au zaidi, mpokeaji anaweza kuudaka na kutupa. Ikibaki 0.2 au 0.1, kikapu kinaweza kupatikana kwa kuugonga tu mpira hewani au kuusindika kikapuni moja kwa moja, kwa kuwa binadamu hawezi kudaka na kutupa ndani ya muda huo.

Sekunde tano zilizozeeka

James Naismith alipobuni mchezo huu Springfield, Massachusetts, mnamo Desemba 1891, aliandika kanuni 13, zikachapishwa Januari 1892. Kanuni ya 9 ilihusu mpira uliotoka nje. Sekunde 5 za mrushaji zilikuwamo tayari, na zimeishi zaidi ya miaka 130 bila kuguswa. Lakini mpira haukuwa wa yule ambaye mpinzani wake ameutosha. Ulikuwa wa mtu wa kwanza kuugusa. Kwa hiyo mpira ukitoka, wachezaji walikimbizana nje, wakasukumana kuuwahi. Baadaye kanuni ikageuzwa: badala ya kuuliza nani ameufikia kwanza, ikauliza nani aliugusa mwisho. Mbio za nguvu ziligeuka kuwa swali la ushahidi, na ushahidi huhitaji maneno.

Ndiyo sababu naandika haya katika jarida la kitivo cha lugha. Ishara za mwamuzi zinajulikana: kiganja kilichofunguliwa kikiinuliwa ni kosa la kawaida na saa isimame, ngumi ni faulo, vidole vitano ni sekunde 5, na mkono ulionyooshwa sambamba na mstari wa kando unaonyesha timu inaelekea wapi. Lakini nahodha anapokuja na kusema "Ndugu arbitre, tueleze", ishara imekwisha kazi. Anahitaji sentensi moja fupi kwa lugha anayoifikiria. "Ulikuguswa mwisho." "Mguu wako ulikuwa kwenye mstari." "Rudisheni pale uliporushwa." "Hatukuona, tunafuata mshale." Nimejaribu sentensi hizi nne katika mechi zetu, na mara nyingi nahodha hugeuka na kuwaeleza wenzake yeye mwenyewe.

Kabla ya mashindano yajayo, ningependa wenzangu wa mwaka wa kwanza na wa pili tukae pamoja na waamuzi wa vitivo vingine, tuandike ukurasa mmoja wa maneno: kutosha, kuguswa, kwenye mstari, hewani, zamu, mpira wa kurusha. Ukurasa huo ubandikwe mezani pa mwandishi, karibu na kadi ya mshale.